Gesi isiyoonekana: Tayarisha nyumba yako mpya kabla ya kumwaga sakafu



Mara nyingi ukurasa huu unakuambia juu ya kofia, viatu, miwani na hewa safi ndani ya mgodi. Leo tunatoka mgodini, tunafika nyumbani. Wewe unayejenga hapa Kalemie, kama msingi umekwisha na unangoja kupata simenti ya sakafu, soma somo hili mbele ya kumwita fundi. Kabla ya sakafu, kazi hii ni ndogo. Baada ya sakafu, ni kutoboa na kuvunja, na gharama inazidi.

1. Radoni ni nini?

Ndani ya mawe na udongo wa dunia yote mna uraniamu. Mahali pengi ni kidogo sana. Mahali pengine ni zaidi. Uraniamu inageuka polepole, inazaa radiamu, na radiamu inazaa gesi inayoitwa radoni. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Pua yako haiwezi kuijua.

Usiichanganye na gesi ya migodi ya makaa, ile inayolipuka. Radoni hailipuki, wala haimwangushi mtu siku ile ile. Inapanda kutoka ardhini, inapita katika nyufa za sakafu na kando ya mabomba, inakusanyika ndani ya nyumba. Kisha inageuka tena na kuzaa vipande vidogo sana vyenye mionzi, ambavyo vinashika vumbi na moshi. Ukivuta pumzi, vinaingia mapafuni na kuyaumiza kidogo kidogo. Baada ya miaka mingi, kansa ya mapafu inaweza kutokea.

2. Nani aliyetufundisha hatari hii?

Ni wachimbaji wenzetu. Huko Schneeberg, Ujerumani, wachimbaji walikufa kwa ugonjwa wa kifua kwa muda wa mamia ya miaka. Mwaka 1879 waganga wawili walionyesha kwamba ugonjwa ule ulikuwa uvimbe mbaya wa mapafu, yaani kansa. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la kuchunguza kansa liliandika radoni katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Sisi wa Katanga ya zamani tunalijua jina la Shinkolobwe, mgodi uliotoa radiamu na uraniamu kwa ulimwengu. Mahali penye madini ya namna ile, radoni haikosi.

Watu walidhani hatari ni ya mgodini tu. Mwaka 1984, huko Pennsylvania, Marekani, mtu mmoja jina lake Stanley Watras alifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia. Mashine ya kupima mionzi ilipiga kelele kila alipotoka kazini. Siku moja alipita kwenye mashine asubuhi alipokuwa akiingia, mbele ya kushika kazi yoyote. Ikalia vilevile! Walipopima nyumba yake walikuta radoni nyingi ajabu. Mionzi haikutoka kazini. Aliileta kutoka nyumbani kwake.

Fikiri basi juu yako. Mgodini unapumua kiasi fulani cha gesi hii. Ukirudi kulala katika chumba chenye gesi hiyo hiyo, mapafu yako hayapati mapumziko. Hesabu ya mgodi na hesabu ya nyumba zinajumlishwa pamoja. Bibi yako na watoto, ambao hawakushuka mgodini hata siku moja, wanapata sehemu yao pia.

3. Na Kalemie je?

Mji wetu umekaa kando ya Ziwa Tanganyika, katika bonde kubwa ambamo ardhi ilipasuka tangu zamani. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilitikisa ziwa, na nyumba zilianguka hapa Kalemie. Nyufa za chini ya ardhi ni njia ya gesi; ufa wa sakafu ni mlango wake.

Lakini usiogope bure. Nyumba yenye madirisha wazi, inayopitiwa na upepo wa ziwa, inatoa gesi nje yenyewe. Nyumba inayohitaji uangalifu ni ile ya sakafu ya simenti, madirisha madogo, inayofungwa usiku kucha kwa sababu ya mbu na wezi. Tena nyumba mbili za jirani zinaweza kuwa mbalimbali kabisa. Ni kipimo tu kinachojua ukweli.

Jambo moja linakuhusu hasa wewe mtu wa mgodi: usichukue mawe wala mchanga wa mabaki ya mgodi kwa kujaza msingi. Mawe yanayotoa kasiteriti na koltani mara nyingine yana uraniamu na toriamu ndani yake. Huko Grand Junction, Marekani, watu walichukua mchanga wa mabaki ya kiwanda cha uraniamu kwa sababu ulikuwa wa bure. Waliutia chini ya nyumba nyingi. Mwaka 1972 ilibidi serikali ipitishe sheria ya kuutoa tena, na nyumba zilichimbwa. Mchanga wa bure uligeuka kuwa wa bei kali.

4. Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza. Sawazisha udongo ndani ya msingi. Tandaza kokoto safi, kubwa na bila mchanga, unene wa sentimeta 10. Gesi inapata nafasi ya kutembea katikati ya mawe.

Pili. Ndani ya kokoto laza bomba la plastiki la upana wa sentimeta 10, lenye matundu pembeni. Liunge na bomba jingine lisilo na matundu, linalosimama wima karibu na ukuta wa katikati.

Tatu. Funika kokoto zote kwa plastiki nzito. Pale vipande viwili vinapokutana, kimoja kilale juu ya kingine sentimeta 30, ubandike vizuri. Kando ya bomba na kuta ubandike pia. Wakataze mafundi kutoboa plastiki kwa sepetu au viatu.

Nne. Mwaga betoni juu yake. Ikikauka, ziba kwa mastiki kila ufa, ukingo wa sakafu na kila mahali bomba la maji linapopita.

Tano. Pandisha bomba moja kwa moja, bila kona nyingi, lipite juu ya paa. Mdomo wake uzidi paa kwa sentimeta 30 angalau, na uwe mbali na kila dirisha kwa meta 3. Ziba vizuri linapopenya mabati ili mvua isiingie. Weka wavu mdomoni, ndege na panya wasijenge humo.

Sita. Andika juu ya bomba kwa rangi: RADONI, USIZIBE. Bomba hili si la moshi wa mbabula, wala si la choo. Mtu asiliunganishe na kitu kingine.

Bomba linafanya kazi bila umeme. Hewa iliyopata joto inapanda na kuvuta gesi ya chini. Basi hata siku umeme wa Bendera unapokatika, linaendelea kusaidia.

5. Nyumba ikiisha, pima

Kipimo ni kidude kidogo cha plastiki kinachowekwa chumbani miezi 3 au zaidi, kisha kinasomwa katika maabara. Uliza ofisi ya usalama wa kazi namna ya kukipata. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2009, lilishauri radoni ya nyumbani isizidi bekereli 100 katika metakubu 1 ya hewa. Na kama nchi haiwezi kufika hapo, isipite 300. Bekereli 1 maana yake ni atomu moja inayogeuka kila sekunde.

Kama hesabu ni kubwa, hutavunja kitu. Utamwita fundi wa umeme afunge feni ya kuvuta hewa juu ya bomba, nje ya vyumba vya kukaa. Njia umekwisha kuitayarisha.

Wakati unangoja, fungua madirisha kila asubuhi, na utumie chandarua ili upepo uingie hata usiku. Na wewe unayevuta sigara, sikia vizuri: kwa mvutaji, hatari ya kansa ya mapafu kutokana na radoni inakadiriwa kuwa mara 25 kuliko kwa asiyevuta. Sigara na radoni ni wezi wawili wanaosaidiana.

6. Jipime mwenyewe

Je, mawe ya msingi wangu yalitoka wapi?
Je, plastiki imefika kila kona, haikutoboka?
Je, mdomo wa bomba uko mbali na madirisha?
Je, nitapima lini, na chumba gani? (Anza na chumba wanamolala watoto.)

Ukiweza kujibu maswali haya manne, mwite fundi, mwage sakafu. Mgodini hukubali kufanya kazi pasipo njia ya hewa. Usikubali jamaa yako walale pasipo njia ya hewa.