Somo: Zawadi ya Kitabu na Uhai wa Duka la Vitabu

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao mwaka 1844. Baadaye walitenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na maktaba na chumba cha kusomea. Walitambua kwamba mwanachama asiyesoma hawezi kukilinda chama chake. Hadi leo elimu ni mojawapo ya misingi ya ushirika.

Chama cha msingi kinapompongeza mtoto wa mwanachama aliyefaulu, au kumuaga katibu anayestaafu, kitabu ni zawadi ifaayo. Yafaa kujiuliza pia kitabu hicho kitanunuliwa wapi.

Hali ya mwenye duka

Katika miaka ya Ujamaa, usambazaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, Elimu Supplies. Leo vitabu vya kiada vya shule za serikali huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kupelekwa shuleni. Kwa hiyo mwenye duka dogo hutegemea sana anayenunua kwa hiari yake: mpenda hadithi, mzazi na mtoa zawadi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kitabu kinauzwa shilingi 10,000, na mchapishaji anampa mwenye duka punguzo la asilimia 30. Nakala 10 zitamgharimu shilingi 70,000. Nakala saba za kwanza humrudishia mtaji tu. Pato lake limo katika tatu za mwisho. Katika hizo hulipa pango, leseni, na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, zaidi ya kilometa 800, kisha kama kilometa 70 hadi Tukuyu. Nakala hizo tatu zikibaki rafuni, amefanya kazi bure. Chama kikizinunua kwa zawadi, duka limepona.

Fundisho la njuruku

Wanachama wa Rungwe na Kyela wanaifahamu njuruku. Mlanguzi hununua zao likali shambani, kwa bei ya kutupa. Mwenye shida hupata fedha upesi, lakini chama hukosa mazao na ushuru, na siku kikifa mlanguzi hupanga bei apendavyo. Duka la vitabu nalo hufa hivyo hivyo, wateja wanapoliacha kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei. Likifungwa, mtoto wa Tukuyu atafuata kitabu Mbeya, na nauli itazidi ile tofauti.

Utaratibu unaopendekezwa

1. Fungu la zawadi liwemo katika makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu. Fedha za wanachama hazitumiwi kwa huruma.

2. Oda iandikwe miezi miwili kabla, ikitaja jina la kitabu, mwandishi na idadi. Muuzaji asiyeshtukizwa huweza kuagiza mzigo mmoja kwa nauli moja.

3. Msomaji afikiriwe. Katibu anayestaafu aweza kufurahia *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Kwa mtoto, mwalimu na muuzaji waulizwe. Wasipokuwa na hakika, muuzaji aombwe hati yenye thamani ya zawadi, msomaji achague mwenyewe.

4. Malipo yawe taslimu na risiti ihifadhiwe. Kumkopa mwenye duka dogo si kumsaidia.

5. Vitabu bandia vikataliwe. Chapa iliyofifia na bei ya ajabu ni dalili zake. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi, ambaye ni mzalishaji kama mkulima: kitabu kikiibwa, jasho lake limeibwa.

Maswali ya kujadili

(a) Mwaka uliopita chama chetu kilitoa zawadi gani, na fedha zilikwenda kwa nani?

(b) Duka la vitabu lililo karibu nasi likifungwa, nani atapata hasara kwanza?

(c) Tofauti ya bei ikiwa shilingi 1,000 kwa kitabu, Mkutano Mkuu uelezwe nini kabla ya kuamua?