Nani Anasahauliwa Kwenye Mjengo?

Andiko la kusoma: Matendo ya Mitume 6:1–7



Mimi ni nyapara wa mjengo hapa Kakamega. Tuko Waluhya, Wajaluo, Wakisii na Wanandi. Siku moja, tukishusha mbao kutoka ghorofani, niliona moja imeteleza. Nikapiga kelele kwa Kiluhya, "Tokeni hapo!" Wa kwetu waliruka. Kijana wa Siaya hakuelewa, mbao ikamgonga begani. Nilipomwinua akaniuliza, "Mzee, kwani sisi si watu wako?"

Alipona, lakini lile swali halikuniacha. Usiku nikafungua Matendo 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa limejaa Roho, na bado wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa kwenye mgao wa chakula. Mitume hawakuuliza, "Nani huyo analalamika?" Waliita watu wote, nao wakachagua saba wenye sifa njema. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote ni ya Kiyunani! Inaonekana upande ulioumia ndio uliokabidhiwa mgao. Na mstari wa 7 unasema Neno likaenea.

Asubuhi nilimwomba kijana msamaha mbele ya wote. Tukapatana kwamba kazini ni Kiswahili. Halafu wafanyakazi wakachagua wawili, wasio wa kabila langu, wakae na mimi kila Jumamosi tukipitia orodha ya kazi na malipo. Wiki ya kwanza tu wakanionyesha: wa kwetu nilikuwa nawapa kazi ya fundi, wengine karai na mchanga. Niliona haya, lakini ilikuwa kweli. Tukabadilisha.

Wapendwa, lugha moja peke yake haitoshi. Watu wa Babeli walikuwa nayo (Mwanzo 11), na mnara wao haukuisha. Mungu anaangalia pia haki yetu kwa yule asiye wa kwetu.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Kazini kwako, au hapa kanisani, ni nani anayesahauliwa?
2. Akilalamika, unamnyamazisha ama unamsikiliza?

Ombi: Bwana, nionyeshe mahali nimependelea, na unipe ujasiri wa kurekebisha. Amina.