Somo la Kazi za Mikono: Bei na Kibandiko cha Mshumaa

Katika somo hili twataka kutazama jambo lionekanalo dogo, lakini limewaletea wengi hasara na aibu: jinsi ya kuipa bei mishumaa tuitengenezayo kwa mikono yetu, na jinsi ya kuandika kibandiko chake. Walimu na walisome pamoja na akina mama na vijana wenye kazi hii, polepole, kalamu ikiwa mkononi.

Kwanza tukiri kosa letu sisi wenyewe. Akina mama wa usharika walituletea hesabu yao. Walinunua kilo 2 za nta ya nyuki kwa shilingi 30,000, wakapata mishumaa 16, wakauza kila mmoja kwa shilingi 2,000. Mkononi walikuwa na shilingi 32,000. Wakasema, "Baba Mchungaji, faida yetu ni 2,000." Nasi tukawasifu mbele ya watu. Baada ya miezi michache hawakuwa na fedha ya kununulia nta, na mmoja wao alikuwa amekopa kwa jirani ili kazi isife. Ndipo tulipoketi nao tukahesabu upya.

I. Bei

Gharama si nta peke yake. Tuliandika yote:

Nta, shilingi 30,000.
Tambi, 1,000.
Mkaa, 2,000.
Karatasi za kufungia na vibandiko, 2,000.
Nauli ya kwenda mjini na kurudi, 3,000.
Kuchakaa kwa sufuria na kalibu, 1,000.

Jumla ni shilingi 39,000. Basi walipopokea 32,000 hawakupata faida. Walipoteza 7,000, na kazi yao haijahesabiwa bado. Kazi ile ilichukua saa 6. Tukiiweka kwa shilingi 1,500 kila saa, ni 9,000. Jumla yote ni 48,000. Igawanye kwa mishumaa 16, kila mmoja umegharimu shilingi 3,000. Juu yake twaongeza sehemu moja ya tano, yaani 600, iwe akiba ya siku nta itakapopanda bei au kalibu itakapovunjika. Bei ni shilingi 3,600. Tarakimu hizi ni za mahali petu; ninyi andikeni zenu, lakini msiruke mstari hata mmoja.

Mkimpa mwenye duka auze, naye hana budi kula jasho lake. Mwuzieni kwa 3,600, naye auze kwa 4,500. Siku mtakapouza wenyewe sokoni, uzeni kwa 4,500 vilevile. Mkishuka chini yake mtamharibia, na kesho hatanunua tena kwenu.

Wengine watasema, "Mshumaa wa dukani ni rahisi kuliko huu." Ni kweli. Lakini mwingi wa dukani ni wa parafini, itokayo katika kusafisha mafuta ya ardhini, nao humiminwa kwa mashine kwa maelfu. Nyuki hula kilo kadhaa za asali ili kutoa kilo moja ya nta. Vitu hivi viwili havishindani kwa bei. Yafaa mnunuzi ajulishwe tofauti yake, na hiyo ndiyo kazi ya kibandiko.

II. Kibandiko

Kibandiko ni neno la mtengenezaji mahali asipokuwapo mwenyewe. Kiandikwe haya:

1. Nta gani. Kama ni ya nyuki tupu, sema hivyo. Kama imechanganywa na parafini, taja zote mbili, iliyo nyingi ikitangulia. Aandikaye "nta halisi" juu ya mchanganyiko ameiba, hata kama mshumaa wawaka vizuri.

2. Uzito. Pima nta bila karatasi. Katika kilo 2 zile, gramu 80 zilibaki katika sufuria na kitambaa cha kuchujia; mishumaa 16 ilikuwa ya gramu 120 kila mmoja. Watu wa Torati waliagizwa mizani ya haki, nasi hatukusamehewa agizo hilo.

3. Muda wa kuwaka. Msikisie. Pimeni mshumaa, uwasheni saa 4 mahali pasipo upepo, kisha upimeni tena. Ukipungua gramu 24, wala gramu 6 kwa saa. Gramu 120 zitafika saa 20 hivi. Andikeni "saa 18", ili mnunuzi apate zaidi ya ahadi, asipate pungufu.

4. Jina la kikundi, mahali, na tarehe, ili mwenye lalamiko ajue pa kwenda.

5. Onyo. Usiuache ukiwaka peke yake. Uuweke juu ya sahani isiyoungua, mbali na chandarua, pazia na watoto. Kata utambi ubaki nusu sentimita.

6. Neno juu ya ukungu mweupe. Nta ya nyuki ikikaa hutoa vumbi jeupe juu yake. Si kuoza, hufutika kwa kitambaa. Mnunuzi asipoambiwa atadhani amepewa kitu kibovu.

Tena yapo yasiyofaa kuandikwa. Msiseme mshumaa wasafisha hewa au waponya kifua, maana hamwezi kuyathibitisha. Wala msichapishe alama ya TBS kabla ya kupewa idhini na shirika lenyewe.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Ni gharama gani ambayo kikundi chenu hakijaiandika kamwe?
2. Saa moja ya kazi yenu ina thamani gani, na ni nani aliyeikadiria?
3. Mnunuzi akipima mshumaa wenu nyumbani kwake, atakuta uzito ulioandikwa?

Akina mama wale walipopandisha bei, wanunuzi wengine waliondoka. Waliobaki walisoma kibandiko, wakarudi. Deni la yule mama limelipwa, na nta ya mwezi ujao imekwisha kununuliwa kwa fedha yao wenyewe.