Mtunga Sheria na Haki ya Mnyonge



Somo letu la leo ni kazi ya mtunga sheria, na mfano wake hauko mbali: ni Kililana, huku bara ya Lamu, mahali palipojengwa bandari mpya.

Wengi wetu hudhani ya kwamba kazi ya mbunge ni kuchangia harusi, kulipa karo na kuhudhuria mazishi. Hayo ni mema, lakini tajiri yeyote aweza kuyafanya. Lililo lake hasa ni kutunga sheria, na kuihoji Serikali juu ya mali na haki za watu.

Tazameni sheria yaweza kufanya nini. Mwaka 1907 lilianza Baraza la Kutunga Sheria katika nchi hii, wala hakuketi ndani yake mwenyeji wa pwani hata mmoja. Mwaka wa pili, 1908, ikatoka sheria ya hati za ardhi ya pwani: ardhi isiyodaiwa na dai lake kuthibitishwa, ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Basi mtu aliyerithi shamba kwa babu yake, na ambaye shahidi wake ni miembe na makaburi, akawa mgeni kwake kwa kalamu ya watu asiowajua.

Mwezi wa Machi 2012 ulipozinduliwa ujenzi wa bandari, wakulima wengi wa Kililana hawakuwa na hati. Na mwenye kudai fidia bila ya hati ni kama mwenye kudai deni bila ya shahidi.

Je, Katiba ya 2010 imewasahau? La. Kifungu cha 40 chasema ya kwamba mwenye ardhi iliyochukuliwa kwa manufaa ya umma alipwe kwa haki, tena bila kukawia. Na ya kwamba sheria yaweza kuweka fidia hata kwa anayeikalia kwa nia njema asiyekuwa na hati. Litazameni neno hilo "yaweza". Neno hilo halimlishi mtu. Kuligeuza kuwa "lazima", na kuhakikisha latekelezwa, ni kazi ya wale tuliowapeleka Bungeni. Hapo ndipo mbunge hupimwa.

Kifungu cha 100 kimewaagiza watunge sheria ya kuwapa nafasi Bungeni wanawake, vijana, walemavu na jamii zilizoachwa nyuma. Kifungu cha 118 kimewalazimu kutushirikisha. Na cha 119 kimempa kila mtu haki ya kupeleka maombi yake Bungeni, awe na hati au asiwe nayo.

Basi lawama si ya mbunge peke yake. Kumchagua mtu ni kuianza kazi, si kuimaliza. Aliyenyamaza miaka mitano asistaajabu kusahauliwa.

Maswali ya darasa: Mbunge wetu amesema nini Bungeni juu ya ardhi? Nani katika mtaa wetu hana hati? Na sisi, tumeandika maombi gani?

Wassalaam.