Thamani ya Kuanzia

Mkulima wa Shinyanga anapopeleka pamba kupimwa, hutazama mshale wa mizani kwanza. Usipoanzia sifuri, uzito utakosewa, na mmoja atapunjwa: mkulima au mnunuzi.

Kompyuta nayo huweka hesabu katika kibadilika, yaani jina lenye thamani inayoweza kubadilika. Kwa lugha ya JavaScript huandikwa:

let kilo = 0;
kilo = kilo + 40;
kilo = kilo + 35;

Sasa kilo ni 75. Mstari wa kwanza ukiwa «let kilo;» tu, kompyuta haina namba ya kujumlishia 40. Jibu litakuwa NaN, maana yake «si namba».

Maswali
1. Kilo zikianzia 5, jibu litakuwa ngapi?
2. Mshale ukianzia chini ya sifuri, nani atapunjwa?