Vibonzo vya Mavazi: Anachekwa Nani, Anafaidika Nani?

Kila bumu likitoka, kwenye magrupu yetu ya WhatsApp vibonzo navyo vinatoka. Utamwona msichana mwenye wigi la kufika kiunoni na sufuria tupu jikoni. Utamwona mvulana mwenye raba mpya, anakula mihogo mikavu wiki nzima. Tunacheka, tunawarushia wenzetu, yanaisha.

Makala hii inaomba tukisome hicho kicheko kama tunavyosoma shairi darasani. Kwa wenzangu wa ualimu, hili ni somo unaloweza kuingia nalo ukienda mazoezi ya kufundisha, na halihitaji umeme wala projekta. Kwa wengine ni kinga tu. Leo kachorwa fulani, kesho ni zamu yako.

Tuanzie London, karne ya 18

Nimeanzia mbali kwa makusudi. Ni rahisi kuona ujanja wa kibonzo kinapomcheka mtu usiyemjua.

London ya karne ya 18 ilikuwa na maduka yaliyouza picha za kuchapwa. Mchoraji alichonga mchoro wake kwenye bamba la shaba. Bamba likapakwa wino, likafutwa, wino ukabaki ndani ya mikwaruzo, kisha likakandamizwa kwenye karatasi. Bamba moja lilitoa nakala kwa mamia. Maduka yalitundika picha mpya dirishani, na asiye na hela ya kununua alisimama nje akaangalia bure. Ukitaka kupata picha yake, nenda asubuhi kwenye meza ya magazeti pale Kimara Mwisho. Wanunuzi watatu, wasomaji ishirini.

Jina kubwa la kwanza ni William Hogarth (1697–1764). Yeye alipenda kuchora hadithi kwa mfululizo: binti wa shamba anayefika mjini na kuharibikiwa, au ndoa ya watoto wa matajiri iliyofungwa kwa ajili ya fedha na cheo. Kazi zake ziliibwa sana na wachapaji wengine, akapigania sheria. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kulinda haki za wachongaji wa picha, na mpaka leo sheria hiyo inahusishwa na jina lake.

Baadaye wakaja Thomas Rowlandson na James Gillray. Wengi wanawajua wanaume hawa, lakini biashara ile ilikuwa na wanawake pia. Mary Darly alichora, alichapa na aliuza vibonzo pamoja na mumewe Matthew. Picha nyingi za Gillray ziliuzwa na Hannah Humphrey, mwenye duka mtaa wa St James's. Kwa hiyo usikimbilie kusema vibonzo vya kuwacheka wanawake vilikuwa biashara ya wanaume peke yao. Hapana, wateja walikuwepo na wauzaji walikuwa wa jinsia zote.

Nywele za kupandia ngazi

Miaka ya 1770 mtindo wa wanawake wa tabaka la juu ulikuwa nywele za kujengwa: pamba ndani, nywele za bandia juu, mafuta na unga wa kupaka. Vibonzo vikazipandisha mpaka mawinguni. Kimoja cha mwaka 1771, kutoka duka la Darly, kinamwonyesha msusi yuko juu ya ngazi anamalizia kazi, na bwana mwingine anapima kimo cha kichwa kwa chombo cha mabaharia. Hii ndiyo mubaalagha tuliyofundishwa kidato cha pili, isipokuwa safari hii imechorwa.

Wanaume nao hawakupona. Vijana wenye uwezo waliotembea Ufaransa na Italia walirudi na makoti ya kubana, mawigi marefu na kofia ndogo za juu kabisa ya kichwa. Watu wakawaita "macaroni", jina la tambi za Kiitaliano, na duka la Darly likatoa mfululizo mzima wa kuwacheka.

Ukimwelezea mzee wa Kariakoo kuhusu hao macaroni, atakwambia, "Aa, hao si mabitozi!" Na kweli, Dar ya miaka ya 1970 ilikuwa na mabitozi wake: suruali za bugaluu zinazofagia barabara, viatu vya raizoni, afro na chanuo limechomekwa humo humo. Vibonzo vyetu vilikuwa tayari vipo. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alikuwa na Chakubanga wake. Katika jarida la Sani, Philip Ndunguru aliwachora kina Ndumilakuwili, Pimbi na Lodi Lofa. Hebu lisome jina hilo la mwisho taratibu. "Lodi" ni bwana mkubwa wa Kizungu, "lofa" ni mtu asiye na mbele wala nyuma. Maneno mawili tu, na tayari umeshapata hadithi nzima ya kijana anayevaa ukubwa ambao mfuko wake hauna.

Kicheko kilipogeuka fimbo

Hapa sasa ndipo penye uzito. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Walipiga marufuku minisketi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana, na utekelezaji ulipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wa taifa. Magazeti yalijaa barua za wasomaji, wa kuunga mkono na wa kupinga, na vibonzo vikachukua nafasi yake kwenye mjadala. Lakini tarehe ya utekelezaji ilikuwa haijafika bado, na Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameshaanza kuwavamia wanawake kwa sababu ya nguo walizovaa.

Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa inaendesha kampeni nyingine, ya kuwataka Wamasai waache rubega na wavae suruali. Yaani binti wa mjini aliambiwa amevaa kizungu mno, na mzee wa Kimasai akaambiwa hajavaa kisasa vya kutosha. Suti ya ofisini haikuguswa, ingawa nayo haikushonwa na babu zetu.

Sisemi kibonzo ndicho kilichomvamia mtu Kariakoo. Ninachosema ni kwamba mtu akishachorwa mara nyingi kama kituko, siku atakapoguswa watazamaji watadhani ni mwendelezo wa kichekesho.

Mtani naye ana zamu yake

Wapo watakaosema, "Acha hizo, huo ni utani tu." Lakini sisi Watanzania utani tunaujua. Mngoni na Mhehe, Mnyamwezi na Mzaramo, watataniana mpaka msibani. Masharti yake yako wazi: mtani wangu ananijua, yuko mbele yangu, na akimaliza zamu yake inakuja yangu. Aliyechorwa kwenye grupu la watu mia mbili na mchoraji asiyeweka jina lake atamjibu nani?

Nitoe mfano wa karibu. Nyumba tunayopanga Kimara Suka kuna dada mmoja, tuko naye mwaka mmoja chuoni. Muhula uliopita kibonzo cha msichana wa wigi na sufuria tupu kilizunguka, na mtu akaandika jina lake chini yake. Kwa siku kadhaa alikuwa anapanda mwendokasi kajifunga mtandio mpaka kwenye nyusi, na siku ya kuwasilisha kazi ya kikundi hakutokea. Sasa, mchoraji hakujua jambo moja. Yule dada anasuka na kutengeneza mawigi wikiendi, na kodi yake ya chumba inatoka huko. Lile wigi ni bango lake la biashara. Sufuria lake halikuwa tupu, na lisingekuwa tupu kwa sababu ya wigi hata kidogo.

Je, kibonzo kile kilikuwa kibaya kwa sababu kilichekesha? Hapana. Kilikuwa kibaya kwa sababu mchoraji alimwangalia mtu akakomea kwenye nywele.

Linganisha na Hogarth mwaka 1751, alipotoa picha mbili kwa pamoja, "Beer Street" na "Gin Lane". Ya pili inaonyesha mtaa ulioharibiwa na pombe kali. Mbele kabisa kuna mama mlevi na mtoto wake anaanguka kutoka mikononi. Picha ni kali, na kwa kweli ni ya kuonea: fukara, tena mwanamke, ndiye aliyewekwa mbele. Lakini peleka jicho pembeni. Majengo ya mtaa ule yanabomoka, ila mwenye duka la rehani anapokea misumeno na masufuria ya watu, na biashara yake inashamiri. Ukigeukia "Beer Street", duka la rehani ndilo lililochakaa. Hogarth hakuonyesha mlevi peke yake, alionyesha pia ni nani anashiba kutokana na ulevi ule. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kubana biashara ya pombe hiyo.

Nakala ya picha hiyo iliuzwa shilingi moja. Ndiyo, shilingi, hili hili neno tulilorithi. Kwa waliochorwa mle ndani, hiyo haikuwa hela ya kuchezea.

Maswali manne ya kusomea kibonzo

Ukiwa darasani, au umelala tu na simu yako, jaribu haya.

1. *Nini kimekuzwa?* Tafuta mubaalagha. Kama kilichokuzwa ni tabia au mfumo, endelea kusoma. Kama ni umbo la mtu, rangi yake au kabila lake, anza kuwa na mashaka.

2. *Nani yupo, na nani hayupo?* Kibonzo cha dawa za kuchubua ngozi kinamchora anayepaka. Aliyeiingiza nchini, aliyeiuza na aliyemwambia kwamba mweupe ndiye mzuri, wako wapi?

3. *Aliyechorwa anaweza kujibu?* Waziri ana gazeti na ana msemaji. Masoud Kipanya akimchora kiongozi, kiongozi ana pa kusemea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hana.

4. *Sahihi ya mchoraji iko wapi?* Hogarth alipigania jina lake mwaka 1735. Sisi Sheria ya Hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999, lakini kila siku tunakata sahihi ya mchoraji ili picha ikae vizuri kwenye stetasi. Na ukikuta kibonzo ambacho mchoraji mwenyewe kaficha jina, jiulize alikuwa anaogopa nini.

Zoezi la darasani (dakika 40)

Leta vibonzo viwili vya mavazi, kimoja cha zamani na kimoja cha sasa. Usichague kinachomhusu mtu wa shule hiyo. Wape wanafunzi dakika kumi wajibu maswali manne kwa vikundi, na dakika kumi na tano wawasilishe. Dakika kumi na tano zilizobaki, kila kikundi kichore upya kibonzo kimoja, kikiongeza mtu mmoja aliyekosekana: muuzaji, mwenye nyumba, mkopeshaji, mzazi. Hakuna anayehitaji kujua kuchora, vijiti vya mikono na miguu vinatosha. Mwishoni waulize kama kibonzo bado kinachekesha, na kama ndiyo, sasa kinamcheka nani.

Na wenzangu mnaochora humu chuoni, msiache, tunawahitaji. Tuchoreeni foleni ya kusaini bumu, vyumba vya kupanga vinavyopanda bei kila Oktoba, mwendokasi ya saa moja asubuhi. Chini yake andikeni majina yenu.