SOMO LA AFYA KAZINI: MAUMIVU YA KISIGINO KWA WATUMISHI NA WANACHAMA

Chama cha ushirika huhesabu mali yake kwa magunia, mizani, ghala na fedha zilizoko benki. Ni mara chache kihesabu miguu ya watu wake. Hata hivyo, kazi za msimu wa ununuzi hufanywa kwa miguu. Karani wa mizani husimama kutwa juu ya sakafu ya saruji, wapakizi hupanda na kushuka na magunia, naye mwanachama huleta mazao yake kutoka mbali. Miguu hiyo ikishindwa, kazi hulegea na kipato cha mtu hupungua.

Somo hili lahusu ugonjwa mmoja wa unyayo unaowapata watu wengi, hasa wenye umri kati ya miaka 40 na 60. Inakadiriwa kwamba mtu 1 katika kila 10 huupata wakati fulani wa maisha yake. Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na mwanachama waweze:
(a) kuzitambua dalili za ugonjwa huo;
(b) kujitunza bila kuacha kazi kabisa;
(c) kumpangia kazi kwa haki mtumishi anayeumwa.

1. Unyayo ulivyoumbwa

Chini ya ngozi ya unyayo upo ukano mpana na mgumu. Kwa nyuma umeshikana na mfupa wa kisigino, na kwa mbele umefika kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kuushikilia uvungu wa unyayo usibonyee, kama kamba ya upinde inavyouzuia upinde usinyooke. Kila hatua huikaza kamba hiyo. Ikikazwa kupita kiasi siku baada ya siku, bila nafasi ya kujirekebisha, nyuzi zake huchakaa na kuuma pale zinaposhikana na kisigino. Waganga huuita ugonjwa huu fasaitisi ya unyayo.

Mambo yanayouleta ni kusimama muda mrefu mahali pagumu, uzito mkubwa wa mwili, misuli iliyokakamaa ya shavu la mguu, viatu vilivyoisha soli, na kuongeza mwendo au mizigo kwa ghafla. Hili la mwisho ndilo linalowapata wengi msimu unapofunguliwa, kwa kuwa mtu hutoka katika wiki za utulivu na kuingia mara moja katika kazi ya kutwa.

Picha ya eksirei huweza kuonyesha kijimwiba cha mfupa chini ya kisigino. Kisimtishe mgonjwa. Watu wengi wanacho wala hawaumwi, na si lazima kiondolewe ili mtu apone.

2. Dalili zinazowadanganya watazamaji

Maumivu huwa chini ya kisigino, aghalabu upande wa ndani. Huwa makali katika hatua za kwanza mtu anapoamka asubuhi, au anapoinuka baada ya kuketi kwa muda. Akiisha kutembea kidogo hupungua, kisha hurudi jioni baada ya kazi nyingi.

Hapa ndipo penye hatari ya kumdhulumu mtu. Karani aonekana akichechemea saa moja asubuhi anapofungua ghala. Saa tatu atembea vizuri. Baada ya chakula cha mchana ainuka kitini akiwa ameshika meza. Asiyeujua ugonjwa huu husema karani anajifanya, au kwamba huumwa akiwa mvivu na kupona akitaka. Kumbe mwendo huo wa kuuma, kupoa na kuuma tena ndio alama kubwa ya ugonjwa wenyewe. Halmashauri isitoe hukumu juu ya bidii ya mtumishi kabla ya kulielewa jambo hili.

3. Makosa mawili

Kosa la kwanza ni kujilazimisha. Mtu huficha maumivu ili asipoteze kibarua chake, na ugonjwa ambao ungetulia kwa miezi michache hukaa zaidi ya mwaka. Kosa la pili ni kulala kitandani hadi maumivu yaishe. Misuli hulegea, ukano hupoteza nguvu, na siku ya kurudi kazini maumivu hurejea yaleyale.

Njia iliyo bora ni ya katikati: kupima kazi kama mazao yapimwavyo. Maumivu madogo wakati wa kazi huvumilika. Mizani ya kweli ni asubuhi ya siku inayofuata. Iwapo hatua za kwanza haziumi kuliko jana, kazi ya jana ilikuwa ya kiasi. Iwapo zinauma zaidi, kazi ilizidi na yapasa kupunguzwa. Mwendo mrefu waweza kugawanywa mara mbili, au mtu apande baiskeli badala ya kutembea, kwa kuwa baiskeli hukipa kisigino nafuu huku mwili ukiendelea na mazoezi.

4. Mazoezi matatu

La kwanza hufanywa kabla ya kushuka kitandani. Mgonjwa huketi, hupandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, hushika vidole vya mguu huo na kuvivuta kuelekea muundi mpaka ahisi unyayo umekazika. Hushikilia hivyo huku akihesabu hadi 10, kisha huachia. Hurudia mara 10. Zoezi hili hufanywa mara 3 kwa siku, na vilevile kila baada ya kuketi muda mrefu.

La pili ni la shavu la mguu. Mtu husimama akiuelekea ukuta, huweka mikono ukutani na mguu unaouma nyuma, goti likiwa limenyooka na kisigino kikiwa chini. Huinama mbele polepole mpaka shavu la mguu livutike, na kukaa hivyo kwa sekunde 30. Hurudia mara 3.

La tatu ni la kuutia ukano nguvu. Mwaka 2015 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa, baada ya miezi 3, waliofanya zoezi hili walikuwa na nafuu zaidi ya walionyoosha unyayo peke yake. Mtu husimama ukingoni mwa ngazi, vidole vikiwa juu ya taulo au kitambaa kilichokunjwa. Hupandisha kisigino kwa sekunde 3, hukaa juu kwa sekunde 2, na hushuka kwa sekunde 3. Hufanya hivyo mara 12 kila baada ya siku moja, na huongeza polepole kadiri nguvu inavyoongezeka. Mwenye maumivu makali aanze kwa miguu yote miwili.

Mazoezi haya yataka subira, kwani nafuu huja kwa wiki na miezi. Wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa.

5. Viatu na dawa

Ndala zilizokwisha na kutembea peku juu ya saruji huchelewesha kupona. Kiatu kifaacho ni kile chenye soli nene, kinachokishika kisigino na kuuinua uvungu wa unyayo. Fundi viatu aweza kuweka soli laini ndani ya kiatu cha zamani. Hata nyumbani, mtu avae kiatu tangu hatua ya kwanza ya asubuhi.

Kusugua unyayo juu ya chupa ya maji baridi kwa dakika 10 hutuliza maumivu. Vidonge vya maumivu hutuliza kwa muda tu, na baadhi yake huweza kumdhuru mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Visitumiwe kwa mazoea. Sindano ya kotisoni huweza kutuliza kwa wiki kadhaa, lakini huenda ikadhoofisha ukano hata ukakatika, hivyo ni uamuzi wa daktari. Kuchokonoa kisigino kwa wembe kutafuta mwiba usiokuwapo huleta kidonda. Mwenye kisukari asikande unyayo kwa kitu cha moto, kwani aweza kuungua bila kuhisi.

Mgonjwa aende kituo cha afya bila kuchelewa iwapo unyayo umekufa ganzi, umevimba na kuwa mwekundu, ana homa, maumivu humwamsha usiku, au hawezi kuukanyagia mguu baada ya kuanguka. Mwenye kisukari aende kwa maumivu yoyote ya mguu.

6. Wajibu wa chama

Yapo mambo ambayo chama chaweza kuyafanya kwa gharama ndogo. Karani wa mizani apewe kiti kirefu, aketi pale foleni inapopungua. Mahali anaposimama patandikwe ubao au mkeka mzito wa mpira. Kazi za kusimama na za kuandika zibadilishwe zamu kati ya watumishi. Wiki ya kwanza ya msimu isiwe ya mtu mmoja kusimama kutwa, bali kazi iongezwe hatua kwa hatua. Katibu aandike mabadiliko hayo katika mpango wa kazi, ili yasionekane kuwa upendeleo bali utaratibu wa chama kwa kila mtumishi.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mtu mwenye ugonjwa huu huweza kudhaniwa kuwa anajifanya? Halmashauri ifanye nini kabla ya kumwonya?
2. Katika chama chenu, ni nani husimama muda mrefu kuliko wote, na husimama juu ya nini?
3. Pangeni zamu za wiki ya kwanza ya msimu ujao zitakazompunguzia mtu huyo muda wa kusimama bila kuchelewesha upimaji wa mazao.
4. Mmoja wa wanakikundi aonyeshe zoezi la kwanza na la pili mbele ya wenzake, nao wayafanye.